Hofu ya Kukwama katika Lifti Ndogo Safarini

Miongoni mwa hofu zinazomfuata msafiri ugenini, iko moja ambayo watu wengi huona haya kuitaja. Mtu amekaa ndani ya ndege saa nane juu ya mawingu wala hakutetemeka. Amepita forodhani, mizigo yake imekaguliwa. Amefika mjini usiku na kuipata nyumba ya wageni aliyoandikiwa. Hapo mhudumu humpa ufunguo wa chumba kilichoko ghorofa ya sita na kumwonyesha mlango mwembamba uliopo kando ya ngazi. Mlango unafunguliwa, na ndani pana kijumba kisichozidi ukubwa wa kabati la nguo. Msafiri husimama, hutazama, kisha hulibeba sanduku lake na kupanda ngazi mia moja na zaidi, akijitetea kwamba alikuwa na haja ya kunyoosha miguu.

Hofu hiyo si jambo la kuchekwa, wala si dalili ya ushamba. Huwapata waliozaliwa katika miji ya maghorofa sawasawa na waliotoka vijijini. Nayo ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu lifti iliyokwama ni nadra kumdhuru mtu aliyemo ndani, lakini mtu aliyeshikwa na hofu ndani ya lifti iliyokwama aweza kujidhuru vibaya sana. Katika makala hii tutaichunguza lifti yenyewe, hewa iliyomo ndani yake, na yale yanayotokea katika mwili na akili ya mtu anayejiona amefungiwa.

Kwa nini lifti nyingine ni ndogo mno

Nyumba nyingi za katikati ya jiji la Paris zilijengwa katika karne ya 19, hasa wakati ujenzi wa jiji hilo uliposimamiwa na Haussmann, kati ya mwaka 1853 na 1870. Zilijengwa zikiwa na ngazi tu. Lifti zilipoenea baadaye, mara nyingi hapakuwa na mahali pa kuziweka isipokuwa katika uwazi uliozungukwa na ngazi zenyewe. Mafundi wakaunda vijumba vya kutosha uwazi huo: watu wawili, au watatu wakibanana. Msafiri atazikuta lifti za namna hiyo katika miji mingi mikongwe ya Ulaya.

Udogo huo una kanuni zake. Viwango vya Ulaya humhesabu abiria mmoja kuwa na kilogramu 75, na huweka mpaka wa ukubwa wa sakafu ili wasipate kuingia watu wengi kuliko uzito ulioruhusiwa. Lifti ya kilogramu 180, yaani ya watu wawili, haipaswi kuwa na sakafu inayozidi meta ya mraba 0.58. Ile ya kilogramu 630, yaani ya watu wanane, mpaka wake ni meta za mraba 1.66. Mwanafunzi anayetaka kuyaona mambo haya kwa macho na achukue kanga moja, ambayo kwa kawaida ina urefu wa sentimeta 150 hivi na upana wa sentimeta 110, aitandike chini. Hiyo ndiyo sakafu ya lifti ya watu wanane. Akiikunja ibaki theluthi yake, atakuwa ameipata sakafu ya lifti ya watu wawili, na hapo mtu mmoja mwenye sanduku hana nafasi ya kugeuka.

Kwetu Afrika ya Mashariki lifti si kitu kipya kama wengine wanavyodhani. Beit-al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, hutajwa kuwa jengo la kwanza katika sehemu hizi kuwa na lifti ya umeme. (Sehemu ya jumba hilo iliporomoka mwezi Desemba 2020.) Jumba la Mikutano la Kenyatta mjini Nairobi, lililokamilika mwaka 1973, lisingeweza kutumika bila lifti. Siku hizi nyumba za wageni za ghorofa tano au sita zimejaa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na nyingi kati yake zina lifti ndogo. Hapa linaongezeka jambo ambalo msafiri wa Paris hulipata mara chache: umeme kukatika.

Msafiri naye ana mzigo wake wa ziada. Nyumbani anajua lifti ya ofisini kwake hukwama mara ngapi na ni nani huitwa. Ugenini hajui lolote, na pengine hata lugha ya mahali hapo haijui. Vitufe vyenyewe humtatanisha. Huko Ufaransa ghorofa ya chini huandikwa RC au 0, Uingereza huandikwa G, na Marekani mara nyingi huitwa 1, hata ghorofa ya pili ya Mmarekani ikawa ndiyo ya kwanza kwetu. Mtu aliyeanza safari yake akiwa hajui hata anapotaka kushukia yuko tayari kuogopa kabla kitu chochote hakijaharibika.

Kijumba kinachoning'inia

Mwaka 1854, kwenye maonyesho yaliyofanyika New York katika jengo lililoitwa Crystal Palace, fundi Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa kwa kamba mbele ya umati wa watu, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanaswa. Otis alikuwa amebuni springi ambayo, kamba ikilegea, hufyatuka na kusukuma vyuma vinavyong'ang'ania meno yaliyomo katika miongozo ya pande zote mbili. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1857, lifti yake ya abiria ilianza kazi katika duka la Haughwout huko Broadway.

Inafaa kuitafakari hekima ya uvumbuzi huo. Otis hakupoteza muda kutafuta kamba isiyokatika. Alikubali kwamba kamba yaweza kukatika, akafanya kukatika kwenyewe ndiko kufunge breki. Kanuni hiyo, kwamba hitilafu yenyewe ndiyo isimamishe chombo, imetawala ufundi wa lifti hata leo, nayo ndiyo ufunguo wa kuelewa kwa nini lifti hukwama.

Lifti ya siku hizi inayotumia kamba hainingʼinii kwa kamba moja. Huwa na kamba kadhaa za chuma zinazopita juu ya gurudumu lenye mifuo, nalo huzungushwa na mota. Viwango vya Ulaya vinadai kwamba zikiwa kamba tatu au zaidi, nguvu inayoweza kuzikata iwe si chini ya mara 12 ya mzigo mkubwa kabisa zinaoubeba. Upande wa pili wa kamba hizo umefungwa mzigo wa kusawazisha, ambao uzito wake ni sawa na kijumba kitupu pamoja na nusu hivi ya mzigo ulioruhusiwa.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kijumba kitupu kina kilogramu 800, na lifti imeruhusiwa kubeba kilogramu 630. Mzigo wa kusawazisha utakuwa 800 kujumlisha 315, yaani kilogramu 1,115. Abiria mmoja wa kilogramu 70 akiingia peke yake, upande wake utakuwa na kilogramu 870. Upande wa pili umeuzidi kwa kilogramu 245. Maana yake ni kwamba kama breki ingeachia, abiria huyo asingeporomoka kama jiwe kisimani, angepanda juu. Kupanda kusikozuilika nako ni hatari, ndiyo maana lifti mpya zina vifaa vya kuzuia hilo pia. Lakini ni ajabu kwamba watu wengi wanaopanda lifti peke yao huota juu ya kuanguka, ilhali uzito uliopo unawavuta kuelekea juu. Mafundi huutumia ukweli huu wanapowaokoa watu: katika lifti nyingi hulegeza breki kwa mkono, kidogo kidogo, na kijumba hujongea chenyewe mpaka ghorofa iliyo karibu.

Na kamba zote zikikatika pamoja? Kwa ajili ya hilo kuna kidhibiti mwendo, ndugu wa kile kinachofungwa katika mabasi na matatu ili dereva asikimbie kupita kiasi. Kinazungushwa na kamba yake yenyewe iliyofungwa kwenye kijumba. Mwendo ukipita kiwango kilichowekwa, ambacho hakipungui asilimia 115 ya mwendo wa kawaida, kidhibiti huinasa kamba hiyo, nayo huyavuta makucha ya chuma yaliyofungwa kwenye kijumba yazibane reli. Mwanafunzi wa fizikia aweza kukadiria jinsi jambo hilo linavyotokea upesi. Tuseme mwendo wa kawaida ni meta 1 kwa sekunde, na kidhibiti kimewekwa kinase kwenye meta 1.5 kwa sekunde. Kitu kinachoanguka bila kuzuiwa hufikia mwendo huo baada ya kuanguka umbali unaopatikana kwa kugawanya mraba wa 1.5 kwa mara mbili ya 9.8. Jibu ni meta 0.115, yaani sentimeta 11 na nusu, muda wa kama sehemu moja ya sita ya sekunde. Baada ya hapo makucha huhitaji umbali kidogo zaidi wa kushika.

Hatusemi kwamba lifti haijapata kuanguka kamwe. Tarehe 28 Julai 1945, katika ukungu mzito, ndege ya kijeshi aina ya B-25 iliparamia jengo la Empire State mjini New York karibu na ghorofa ya 79. Mwendeshaji wa lifti, Betty Lou Oliver, alijeruhiwa na mshindo huo. Kisha alipowekwa katika lifti ili ateremshwe, kamba zilizokuwa zimeharibiwa na ndege zikakatika, akaanguka ghorofa 75. Aliokoka. Inaaminika kwamba hewa iliyosongwa chini ya kijumba pamoja na kamba zilizojikusanya shimoni zilipunguza kishindo. Ilihitajika ndege nzima kuzishinda hifadhi za lifti hiyo, na hata hivyo abiria alitoka hai.

Kwa nini husimama kati ya ghorofa

Breki ya lifti imeundwa kinyume cha breki ya baiskeli. Ya baiskeli hushika pale tu unapoibana. Ya lifti hushika wakati wote kwa nguvu ya springi, na umeme ndio unaoiachia. Umeme ukikatika, springi hurudi mahali pake na kijumba husimama papo hapo, iwe ni mbele ya mlango au katikati ya ukuta. Lifti nyingine zina betri ya kuzisogeza hadi mlango wa karibu, lakini nyingi za zamani hazina.

Sababu ya pili ni mnyororo wa swichi. Mwalimu anayefundisha swichi zilizounganishwa kwa mfuatano hana haja ya kubuni mfano, maana lifti ni mfano ulio hai. Kila mlango wa kila ghorofa una swichi. Mlango wa kijumba una swichi. Kidhibiti mwendo nacho kina swichi. Zote zimeunganishwa katika mzunguko mmoja wa umeme. Moja tu ikifunguka, mkondo hukatika na breki hushika. Kipande cha karatasi kilichonaswa katika kizingiti cha mlango wa ghorofa ya tatu, au mtoto anayeutikisa mlango wa ghorofa ya pili, chaweza kumsimamisha mtu aliyeko ghorofa ya tano. Lifti ndogo za kale, zenye milango ya mbao ya kusukuma kwa mkono, zina swichi nyingi zilizochakaa, kwa hiyo hukwama mara nyingi zaidi. Msafiri anayesikia kijumba kikisita na kunyamaza hudhani kwamba usalama umeharibika, kumbe alichokisikia ni usalama ukifanya kazi yake.

Hewa itakwisha?

Hili ndilo swali linalowasumbua wengi kuliko la kuanguka, na linaweza kujibiwa kwa hesabu. Tuichukue lifti ndogo kabisa ya watu wawili, yenye sakafu ya meta ya mraba 0.58 na kimo cha meta 2.1. Ujazo wake ni lita 1,200 hivi. Tukitoa nafasi aliyoichukua mtu mwenyewe, zinabaki kama 1,150. Mtu aliyetulia hutoa kama robo lita ya kaboni dayoksaidi, yaani hewa ya ukaa, kwa dakika. Gesi hiyo ikifikia asilimia 3 ya hewa, mtu huanza kuhema na kuumwa kichwa. Asilimia 3 ya lita 1,150 ni lita 34 na nusu. Kwa hiyo, kama kijumba kingezibwa kama chupa yenye kizibo, ingechukua zaidi ya saa mbili kufikia hali hiyo ya kusumbua, na muda mrefu zaidi kufikia hali ya kuua.

Lakini lifti si chupa. Viwango hivyo hivyo vya Ulaya vinadai kijumba kiwe na matundu ya hewa sehemu ya juu, yenye jumla ya eneo lisilopungua asilimia 1 ya sakafu, na mengine kiasi hicho hicho sehemu ya chini. Kwa lifti yetu hiyo ni sentimeta za mraba 58 juu na 58 chini, mbali na nyufa za milango. Mwili wa mtu hutoa joto kama la balbu ya wati 100. Hewa iliyopashwa joto hupanda na kutoka juu, na ya nje huingia chini. Ili kaboni dayoksaidi isipite asilimia 1, inatosha hewa iingie lita 25 kwa dakika, na katika tundu la sentimeta za mraba 58 huo ni mwendo wa sentimeta 7 kwa sekunde, polepole kuliko moshi wa udi unavyopanda chumbani. Kwa maneno mengine, mtu aweza kukaa humo siku nzima bila kuishiwa hewa. Kitakachomtesa ni joto na kiu, hasa kwetu pwani mwezi Februari wakati feni imezimika.

Basi kwa nini mtu huhisi anakabwa? Hapa tunaingia katika mwili wenyewe. Hofu humimina adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio na pumzi huongezeka ili misuli iwe tayari kupigana au kukimbia. Ndani ya lifti hakuna wa kupigana naye wala pa kukimbilia, kwa hiyo pumzi zote zile hazina kazi. Mtu hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Damu hupungukiwa na asidi, mishipa ya damu ya ubongo hujibana, kichwa huzunguka, vidole na midomo hufa ganzi, kifua hukaza. Mtu huzitafsiri dalili hizo kuwa hewa imekwisha, naye huhema kwa nguvu zaidi. Anaona anakosa hewa, na kumbe anavuta hewa kupita kiasi. Mwanasaikolojia David Clark wa Uingereza alieleza mwaka 1986 jinsi tafsiri mbaya ya dalili za mwili inavyoweza kuzidisha hofu mpaka ikawa kiherehere kisichozuilika. Dawa yake ni nyepesi kuitaja na ngumu kuitenda: kuvuta pumzi taratibu kwa pua, na kuitoa polepole kuliko ilivyoingia.

Hofu yenyewe

Jina la kitaalamu la hofu ya mahali palipofungwa, klostrofobia, lilitolewa mwaka 1879 na Benjamin Ball, tabibu wa magonjwa ya akili mjini Paris. Mwaka 1993 wataalamu Rachman na Taylor walionyesha kwamba hofu hiyo ni mbili zilizofungamana: hofu ya kukosa hewa na hofu ya kuzuiwa kwenda. Wapo wenye moja tu kati ya hizo. Mmoja atatulia akionyeshwa matundu ya hewa. Mwingine hajali hewa, ila hawezi kuvumilia kwamba mlango haufunguki kwa amri yake. Mwalimu anayetaka kumsaidia mwanafunzi mwenye hofu na amwulize kwanza ni ipi inayomsumbua, maana hesabu tuliyoifanya hapo juu haitamfaa yule wa pili.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2011 na Stella Lourenco na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, ulipima mpaka wa eneo ambalo ubongo huliona kuwa ni la karibu na mwili. Waliokuwa na eneo kubwa zaidi walikuwa pia na hofu zaidi ya mahali palipobana. Ni kana kwamba watu wawili wakisimama katika kijumba kimoja, ukuta ule ule humgusa mmoja wao mapema kuliko mwenzake.

Mara nyingi kinachoikuza hofu ni kukimbia. Mwanasaikolojia Mowrer alilieleza jambo hili mwaka 1947. Kila mara mtu anapoikwepa lifti na kupanda ngazi, hupata nafuu. Nafuu hiyo ni kama zawadi, na zawadi humfundisha akwepe tena. Kamwe hapati nafasi ya kuona kwamba asingedhurika. Hivyo hofu iliyoanza na lifti moja ya ugenini huenea: yakaepukwa majengo marefu, kisha treni za chini ya ardhi, kisha viti vya dirishani ndani ya basi. Gharama yake si ndogo. Mtu aweza kuacha usaili wa kazi kwa sababu ofisi iko ghorofa ya 14. Mgonjwa aweza kukataa kuingizwa katika mashine ya MRI, ambayo ni kama pipa jembamba, na daktari akakosa picha ya uvimbe uliomo kichwani.

Hatari ya kweli

Tumesema kwamba mwenye hofu aweza kujidhuru. Fikiria kijumba kilichosimama meta moja juu ya sakafu ya ghorofa. Mtu aliyemo ndani anaibandua milango kwa nguvu, anaona mwanga wa ukumbini chini ya miguu yake, anaruka. Chini ya kijumba, hata hivyo, pana uwazi unaoelekea moja kwa moja shimoni. Akitua vibaya au akiteleza kinyumenyume, ataingia humo. Tena umeme ukirudi wakati mtu yumo nusu ndani na nusu nje, na swichi ya mlango imechezewa, kijumba chaweza kusogea. Sinema humwonyesha shujaa akipanda kupitia mlango wa darini. Mtu wa kawaida na asithubutu, kwani juu ya kijumba kuna giza, grisi na kamba zinazotembea. Mwenye kukwama na abaki ndani, akae chini ikiwa pana nafasi, mpaka fundi afungue mlango kutoka nje. Katika lifti za kale zisizo na mlango wa ndani, asimame mbali na ukuta unaopita mbele yake. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2003 ya kulazimisha lifti zake kuukuu ziongezewe vifaa vya usalama, lakini si kila nchi imefanya hivyo.

Kitufe cha kengele hubonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde kadhaa, si kuguswa tu. Tangu mwaka 1999 lifti mpya katika nchi za Umoja wa Ulaya hulazimika kuwa na chombo cha kuzungumza na waokoaji, nao watauliza mahali ulipo. Kwa hiyo msafiri awe na karatasi yenye jina na anwani ya nyumba aliyofikia, iliyoandikwa kwa lugha ya wenyeji. Simu ya mkononi aichukue, lakini asiitegemee mno. Kijumba cha chuma huyazuia mawimbi ya redio kama kile kizimba alichokionyesha Michael Faraday mwaka 1836, na mara nyingi simu hunyamaza pale inapohitajiwa sana.

Jambo ambalo mwenye hofu hulifikiria mara chache, na ambalo kwa maoni yetu ndilo linalostahili kufikiriwa, ni kusahauliwa. Mwezi Oktoba 1999, mfanyakazi mmoja wa New York alikwama usiku wa Ijumaa katika jengo la ofisi na kutolewa baada ya saa 41, siku ya Jumapili. Kamera ilikuwa ikimpiga picha muda wote, na hapakuwa na mtu aliyeitazama. Hakuanguka, wala hakuishiwa hewa. Hakuwa na maji, wala mahali pa kujisaidia. Kutokana na kisa hicho msafiri aweza kupanga mambo yake: asipande peke yake usiku katika jengo lililohamwa na watu mwisho wa juma, achukue chupa ya maji, amwambie mhudumu wa mapokezi kwamba anapanda, kwa salamu tu, ili awepo mtu anayejua, na haja ndogo aimalize kabla, jambo ambalo vitabu vya safari huona haya kuliandika.

Kuizoea

Tabibu Joseph Wolpe wa Johannesburg alichapisha mwaka 1958 kitabu kilichoeleza njia ya kuipunguza hofu hatua kwa hatua. Mgonjwa hupanga mambo anayoyaogopa kutoka lile dogo hadi lile kubwa, kisha hukabiliana nayo kwa mpango huo, akiwa ametulizwa mwili. Baadaye ilionekana kwamba kukabiliana na kitu chenyewe ndiyo sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Lars-Göran Öst wa Sweden alieleza mwaka 1989 namna ya kuzitibu hofu za aina hii kwa kikao kimoja kisichozidi saa tatu, na mwaka 2001 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya kuitumia njia hiyo kwa wenye klostrofobia.

Kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi na mtaalamu, hasa kama hofu imemfanya mtu ashindwe na shughuli zake. Lakini hofu ya kiasi inaweza kushughulikiwa nyumbani kabla ya safari, katika jengo lolote lenye lifti, pamoja na rafiki mwenye subira ambaye hatacheka wala kumsukuma mtu kwa ghafula. Siku ya kwanza ni kusimama mbele ya mlango na kuutazama ukifunguka na kufungwa. Halafu ni kuingia na kutoka huku rafiki ameushikilia mlango wazi. Halafu ni kupanda ghorofa moja pamoja naye, na kurudi hivyo hivyo mara tano au sita, bila kutoka kabla moyo haujatulia, kwa maana anayekimbia hofu ikiwa kileleni huondoka nayo nzima. Kisha rafiki atapanda ngazi na kungojea juu, na mwenye hofu atabonyeza kitufe peke yake.